Njia ya nyuma

Kuna kona moja pale sebuleni kwetu ambayo imekataa rangi. Sijui nisemeje zaidi ya hapo, imekataa. Unapaka leo inang'aa, mgeni akija anasema aisee mmependezesha, miezi mitatu haijaisha rangi inaanza kuvimba malengelenge, yanapasuka, chini yake unakuta unga mweupe kama chumvi, na ile harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi. Mama alishaimaliza kesi zamani kwa kusukumia kabati pale. Tatizo halionekani basi halipo. Mpaka siku nimevuta kabati natafuta chaja iliyodondokea nyuma, nagusa ubao wa mgongoni, kidole kikapita.

Nilirudi kukaa hapa mwaka juzi baada ya mzee kufariki. Mama asingeweza kubaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, na mimi kusema kweli nilikuwa nimechoka na vyumba vya kupanga ambako ukikohoa usiku jirani anakupa pole kupitia ukutani. Hapa ndo nilipokulia. Tulihamia nikiwa na miaka mitano na palikuwa mwisho wa mji, mwisho kabisa, ukipita nyumba ya mwisho ni majani marefu tu mpaka macho yachoke. Sasa hivi mji umeshatupita, umeenda huko mbele, na watu wa huko mbele wakija upande wetu wanasema wanaenda mjini. Mama bado anasema tunakaa nje ya mji. Simbishii.

Nyumba za mtaa huu zilijengwa kwa mkupuo mmoja na kwa ramani moja, 24, kumi na mbili kila upande wa barabara, mapacha watupu. Shangazi yangu mmoja alifika usiku, akaingia geti la nyumba ya tatu kutoka kwetu, akavua viatu, akakaa kwenye kochi, akaomba maji ya kunywa, na wenyewe kwa heshima wakampa, kila mmoja akidhani ni mgeni wa mwenzake, zikapita kama dakika 20 ndo likaja swali la kwani wewe hasa umekuja kwa nani. Hadithi hii inasimuliwa kwetu mpaka leo na shangazi haipendi hata kidogo.

Mitaa ya namna hii ipo dunia nzima. Ile maarufu kuliko zote labda ni Levittown kule New York, walianza kuijenga 1947, kazi ya kujenga nyumba wakaikata vipande 27, kila kikosi kinafanya kipande chake kinahamia nyumba ya pili, kama kiwandani ila hapa kinachotembea ni mafundi, nyumba yenyewe imekaa tu. Zikafika zaidi ya 17,000. (Na mtu mweusi alikuwa haruhusiwi kukaa, iliandikwa kwenye mkataba kabisa, watu wanaposifia ule mji hapo huwa wanaparuka.) Lakini kilichonivutia mimi ni kilichotokea baadaye: wenye nyumba wakaanza kuongeza chumba, kuinua paa, kujenga gereji, mpaka leo ukitafuta nyumba ambayo haijaguswa ni kazi.

Kwetu vile vile. Aliyeanza ni yule wa kona, akatoa kibaraza akakifanya chumba cha mtoto wa kiume. Wa pili yake akaona kumbe inawezekana. Mwingine akajenga gereji, mwingine vyumba viwili vya kupangisha nyuma, mwingine ghorofa ambalo mpaka leo limeishia ngazi, ngazi nzuri tu ya zege inapanda inafika juu inakata, watoto wake wanaanika nguo kule. Uzio wa miti ukawa ukuta, ukuta ukaongezwa tofali tatu juu, zikaja nondo, likaja geti la bati ambalo huoni ndani. Na chini, ambako palikuwa na majani na udongo, ikaja pevingi. Ilianza nyumba moja, ikapendeza kweli, matope hakuna, gari inalala pasafi. Ndani ya miaka minane hivi nyumba karibu zote zilikuwa na pevingi ukuta hadi ukuta, na sisi tukiwemo.

Sasa kuhusu ile njia.

Nyuma ya upande wetu wa nyumba kulikuwa na kinjia. Upana wake wawili wanaweza kupishana bila kugusana mabega, na pembeni yake kuna kamtaro kadogo ka udongo, hakana hata zege, majani yameota ndani. Kila nyumba ilikuwa na kigeti cha nyuma kinachotokea pale. Barabara ya mbele ilikuwa ya wakubwa na magari na wageni wa heshima, njia ya nyuma ilikuwa ya kwetu. Ukitumwa kuazima kitu unapita nyuma. Ukichapwa unakimbilia nyuma. Mama zetu walikuwa wanaongea wakiwa wameegemea vile vigeti, mmoja kashika ufagio, mwingine kashika mtoto, na mazungumzo ya nyuma yalikuwa tofauti kabisa na ya mbele, yale ya mbele ilikuwa habari za asubuhi na kazi njema, ya nyuma ndo ulikuwa unasikia fulani hajalala nyumbani.

Nilikuwa nadhani njia ile ilitokea tu, watu walipita ikawepo. Kumbe ni kitu kinachochorwa. Huko New Jersey kuna mtaa unaitwa Radburn, ulianza 1929, waliouchora walikuwa Clarence Stein na Henry Wright, na wazo lao lilikuwa hilo hilo: gari ije upande mmoja wa nyumba, upande wa pili kuwe na njia za miguu na bustani ya wote, mtoto atembee mbali bila kukanyaga barabara ya magari. Mdororo wa uchumi ukaukuta haujafika popote, kikajengwa kipande kidogo tu, lakini wazo likasambaa. Sijui aliyechora mtaa wetu alikuwa amelisikia au alifika huko kwa akili yake mwenyewe. Ila alichora njia, hilo nina ushahidi nalo, nitalifikia.

Turudi kwenye kona.

Fundi wa kwanza alikuja na mswaki wa chuma akakwangua, akapaka dawa, akapaka rangi mbili, akasema hiyo bosi sahau. Miezi minne.

Wa pili alikuwa na maneno mengi zaidi. Akasema tatizo ni jasho la nyumba, hewa haitembei, fungueni madirisha. Nikaona ngoja nijaribu kile kipimo cha kipande cha nailoni: unakata kama ukubwa wa daftari, unakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne isipite hewa, unakiacha siku mbili tatu. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, basi kweli ni unyevu wa hewa ya ndani. Ukiyakuta nyuma yake, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yangu yalikuwa nyuma, yanatiririka. Nikamwonyesha. Akasema basi tubomoe plasta tupige mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Tukapiga, mita moja kwenda juu. Na kweli ile mita moja ikakauka, ikawa safi, na unyevu ukatokea juu yake, sentimita kama kumi juu ya pale plasta mpya inapoishia, mstari mnyoofu kama umepigwa rula. Ukimzibia njia ya kutokea chini anapanda anatafuta juu. Tofali na saruji vina vitundu vidogo vidogo, vinanyonya maji kama utambi wa taa, dawa ya usoni haibadilishi kinachonywewa chini.

Fundi wa tatu nilipewa namba yake na mama wa nyumba ya kona. Mzee wa makamo, kofia, anaongea taratibu. Nikamwelekeza sebuleni, akasimama mlangoni akaitazama ile kona labda sekunde tano, akageuka.

"Nipigie siku mvua ikinyesha."

"Mzee si ungeangalia tu sasa hivi?"

"Sasa hivi nitaangalia nini mwanangu, ukuta? Ukuta haujafanya kosa lolote."

Nikajua huyu naye tapeli ila wa aina mpya. Lakini ilipokuja mvua ile ya kwanza nzito, saa tisa mchana, nikampigia kwa ubishi tu, na baada ya nusu saa mtu huyo yuko getini, mwavuli, suruali kaikunja magotini. Hakuingia ndani. Akanambia nivae kitu tupande juu.

Mtaa wetu una mteremko, mdogo sana, mimi nimekaa hapa utoto wangu wote sikuwahi kuuona kama mteremko, labda siku za baiskeli tu ambapo kwenda ilikuwa rahisi kuliko kurudi. Tukapanda mpaka nyumba ya juu kabisa halafu tukaanza kushuka na maji. Na maji yalikuwa mengi. Yanatoka kwenye gata, yanadondokea pevingi, yanatafuta pa kwenda, nyuma kuna ukuta, yanapita chini ya geti yanaingia barabarani, mengine yanatoboa kwenye vitundu vya chini ya ukuta yanaingia kwa jirani, kwa jirani yanakutana na ya jirani, yanashuka tena. Mzee wa watu haongei, ananyoosha tu kidole. Tulipofika nyumba ya juu yetu yalikuwa yameshakuwa kundi. Na kundi lile lote lilikuwa linapita katikati ya ukuta wake na wetu, linafika usawa wa stoo yetu ya nyuma, linagonga, linageuka kushoto, na kushoto ndo sebuleni.

Nikakimbia ndani nikaweka mkono ukutani. Haimaanishi kitu, ukuta hauloani dakika hiyo hiyo, lakini nilihisi kabisa kama yuko mtu upande wa pili.

Usiku ule nikakaa na simu nikapiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la tano: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Basi. Paa la nyumba yetu ni kama mita mraba 150, mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu kwa mvua nzito ya saa moja, ni lita 3,000, mapipa 15 yale ya lita 200, kutoka paa moja. Sasa weka na pevingi. Nyumba moja pale juu, paa na pevingi, unapata kama mita mraba 500 ambazo hazinywi karibu chochote. Juu yetu ziko nne. Lita 40,000. Toa kidogo kinachopotelea kwenye mianya, bado ni kama mapipa 200 yanashuka kuja kumuona mama yangu sebuleni. Zamani mvua ile ile ilikuwa inanyesha juu ya majani na udongo, sehemu kubwa inanywewa pale pale, inayobaki inaenda... wapi? Hapo ndo nikashtuka. Inaenda kwenye kamtaro ka nyuma. Njia ya nyuma ilikuwa ya watu juu juu tu, mwenyewe hasa alikuwa maji. Sisi tulikuwa tunapitia kwake.

Na njia haipo. Siwezi hata kusema ilifungwa lini, hakuna siku ilifungwa. Huyu alisogeza ukuta wake mita moja, yule akaona mbona mwenzangu, akasogeza mita na nusu, wa kati akajikuta na kichochoro kisichotokea popote akakichukua chote maana kinamletea takataka na vibaka. Ukienda leo nyuma ya nyumba zetu huwezi kwenda nyuma ya nyumba zetu, hakuna nyuma, ukuta wetu umegusana na ukuta wa mtaa unaofuata.

Nikapandwa na hasira na jirani wa juu. Ukuta wake ndo unaelekeza maji kwetu, pevingi yake ndo kubwa kuliko zote, gari mbili. Na nikagundua kitu cha aibu, kwamba simjui. Amehamia kama miaka saba sasa, namjua kwa gari. Gari ya fedha ikipita napunga mkono, kioo cheusi, sijui kama ananipungia. Kwenye grupu la mtaa yupo kwa jina la alama tatu na picha ya ua, na lile grupu lenyewe ni nani kaziba geti langu na poleni kwa msiba, na mtu mmoja anayetuma salamu za asubuhi zenye jua linachomoza kila siku ya Mungu.

Barabara ya mbele nayo imechangia. Tangu watu wa magari wagundue kwamba ukikatiza kwetu unaikwepa foleni ya barabara kubwa, asubuhi na jioni inapita mistari. Kuna utafiti wa San Francisco uliochapishwa 1972, wa Donald Appleyard na mwenzake, walilinganisha mitaa mitatu inayofanana kwa mambo mengi ila idadi ya magari. Ule wa magari kama 2,000 kwa siku, mtu alikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani kwake. Ule wa magari kama 16,000, hata mmoja haufiki, 0.9. Halafu wakawaambia watu wachore wapi wanapahesabu kuwa ni kwao: wa mtaa mtulivu wakazungushia mpaka barabara yenyewe, wa mtaa wa magari wakaishia mlangoni. Niliposoma hapo nikamkumbuka mama na kigeti chake cha nyuma na ufagio. Mbele magari, nyuma ukuta, unategemea watu wakutane wapi? Kwenye salamu za jua linachomoza.

Basi nikajipanga nimwendee jirani na vielelezo. Nataka niwe na haki asilimia mia. Nikaingia kwenye bahasha za mzee, zile za kahawia ambazo kila nyumba ina mzazi mmoja anazitunza chini ya kitanda, na nikaipata ramani ya kiwanja. Mita 20 kwa 30. Na nyuma yake, mstari mwembamba wa nukta nukta ukipita viwanja vyote kumi na mbili, mita 3, imeandikwa njia na mfereji. Nikasema nimekushika jirani.

Nikatafuta bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja. Mbili za mbele zipo, moja iko chini ya maua ya mama. Nikachukua futi ya kamba, nikamshikisha mdogo wangu upande mmoja, tukapima kwenda nyuma. Thelathini ikafika nikiwa nimesimama katikati ya stoo yetu. Nikarudia. Thelathini, katikati ya stoo. Ukuta wa nyuma ulikuwa 31.5.

Mama alikuwa amekaa kibarazani anatuangalia muda wote ule.

"Mnapima nini?"

"Tunaangalia mpaka, mama."

"Aa." Akanyamaza kidogo. "Baba yako ndiye alianza."

Hakuwa anajitetea wala nini, anasema tu kama anataja tarehe. Kumbe mwaka ule tulioibiwa nguo zote kwenye kamba, zikiwemo sare zetu za shule, mzee alikasirika akasema huu uchochoro ndo unaingiza wezi, akasogeza ukuta, akaziba kigeti, na pale katikati akapaua ikawa stoo. Hakuna aliyelalamika. Ndani ya mwaka wa kona naye akasogeza.

Ile stoo mimi niliipenda. Baiskeli yangu ililala mle. Nilijifungia mle kusoma mitihani. Nikamkumbuka mzee anaipiga lipu mwenyewe Jumamosi, mimi nachota mchanga, nimejiona fundi.

Kwa hiyo sikwenda kwa jirani na vielelezo. Nilikwenda siku ya pili yake mikono mitupu nikabonyeza kengele, akatoka mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, kitambaa kichwani, alikuwa anapaka ukuta. Nasema kweli. Brashi mkononi. Nikamuuliza unapaka kona ipi dada, akacheka kwa mshangao, akanionyesha: chumba cha watoto, upande wa juu, malengelenge, unga mweupe. Naye kashapita mafundi wawili. Naye alikuwa na hasira na jirani wa juu yake.

Kilichofuata sitaki kukisimulia kama ushindi maana kimechukua miezi minane na kuna nyumba mbili mpaka leo hazijajibu. Kila mtu anakubali maji ni tatizo, ila ukigusa ukuta wake anakuwa mwanasheria. Mmoja aliniambia kijana, huo mstari wa nukta ni wa zamani, mambo ya nukta yalishapitwa na wakati. Sikuwa na jibu, nilibaki namwangalia tu.

Tulichoweza ni hiki. Sisi tulibomoa stoo. Mama alikubali haraka kuliko mimi. Tukarudisha ukuta mpaka kwenye bikoni, na pale nyuma fundi wetu wa mwavuli akachimba mtaro akaujaza kokoto. Pevingi ya upande wa sebule tukaing'oa kabisa, maana alipoweka mpira wa maji kupima levo tulikuta imekaa juu ya usawa wa jamvi la ndani, yaani nje ni juu kuliko sakafu, aliyeipanga alitandika mchanga juu ya udongo wa zamani bila kuchimba hata kidogo. Lile karatasi la nailoni linalowekwa chini ya ukuta kuzuia unyevu usipande, linatakiwa liwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje, letu lilikuwa limezikwa. Hiyo haihusiani na jirani yeyote, hiyo ni sisi na pesa zetu tulimlipa mtu atuzike. Tukashusha udongo, tukauinamisha uende mbali na nyumba, kanuni za ujenzi za Marekani zinasema ushuke kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza, sisi nafasi ilitutosha mita 2 tukajitahidi. Mama kapanda maua.

Tukachimba na shimo la kumeza maji, mita moja na nusu kwa moja na nusu, kina mita mbili, tukalijaza mawe. Nilikuwa najivunia lile shimo mpaka fundi akanipigia hesabu papo hapo: mawe yenyewe yanakula nafasi, inayobaki ni kama asilimia 40, lita 1,800, mapipa tisa. Kati ya yale mia mbili. "Hili ni la kukufariji," akasema, akawasha sigara.

Jirani wa juu, yule dada, alitoa tofali nne chini ya ukuta wake wa nyuma, pale unapokutana na wetu, akaweka wavu. Sisi tukatoa nne zetu zikatazamana. Mtoto wake wa mwisho ana miaka minne, siku ya pili tu alikuwa amelala kifudifudi upande wao, jicho kwenye wavu, anamwambia mama yangu namuona mguu wako. Sasa mama anaweka kigoda pale jioni. Sijui wanaongea nini, nikisogea wananyamaza.

Mvua nzito ya kwanza baada ya hapo ilikuja usiku. Nikatoka na tochi, nikachutama pale kwenye tundu. Nikasikia upande wa pili naye katoka.

"Inapita?" akauliza.

Ilikuwa inapita, yote, inakuja kwa kishindo imebeba majani na kandambili moja ya mtoto, inateremkia kwenye kokoto, shimo likajaa mapema tu kama fundi alivyosema, na maji yaliyobaki yakanyooka na mstari wa nukta nukta kwenda chini. Nikamwambia inapita. Nikaingia ndani nikagusa kona nikalala.

Asubuhi kwenye grupu la mtaa, kabla hata ya jua linalochomoza, kulikuwa na video ya sekunde kumi na moja kutoka kwa jirani wa chini yetu. Haina maneno. Ni ua wake, maji yamefika ngazi ya pili ya kibaraza, na kandambili moja ya mtoto inazunguka pale katikati.

Nikanywa maji, nikavaa, nikaenda kwake na mpira wa maji begani.